Raki imegoma: kuanzia taa zisizowaka mpaka tuni inayoteleza

Kila baada ya siku chache kuna mtu ananitumia video ya sekunde nane, raki inameremeta taa kila rangi, sauti hakuna, na ujumbe ni uleule, "kaka hii imekufa?" Mara nyingi haijafa. Nimekaa na hizi sintesaiza za moduli (vipande vya kutengeneza sauti vinavyofungwa pamoja kwenye raki) miaka kadhaa hapa Dar, nimeua moduli moja kwa mikono yangu mwenyewe (nitaisimulia, aibu yake haijaisha), na nikipiga hesabu ya matatizo yote, yangu na ya washkaji, mengi yanaangukia sehemu tatu: waya wa umeme wa nyuma, waya wa pachi wa mbele (ule unaounganisha moduli moja na nyingine), na nobu iliyokaa kwenye sifuri bila mwenyewe kujua. Kwahiyo kila dalili humu nimeianzia kwenye vitu ambavyo havina gharama kuvikagua, bisibisi inakuja baadaye.

Naongelea Eurorack, ule mfumo alioanzisha Mjerumani Dieter Doepfer na A-100 yake katikati ya miaka ya 1990, jeki za milimita 3.5, umeme wa +12 na -12 na baadhi wanataka +5 pia. Kama una Buchla au mashine nyingine yenye utaratibu wake, vipimo vya humu achana navyo.

Kabla hujagusa kitu: zima, chomoa ukutani, afu piga picha nyuma ya raki kabla hujatoa waya hata mmoja. Saa nane usiku hakuna anayekumbuka waya upi ulikuwa unaangalia wapi.

Raki nzima haiwaki

Anzia ukutani jamani. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile la ekstenshen, ikichaji basi umeme upo, kama haichaji basi umeokoa jioni yako. Baada ya hapo angalia adapta. Raki nyingi ndogo zinatumia adapta ya nje na ile plagi ya duara inaingia kila mahali, hapo ndipo watu wanapoumia. Adapta ya pedali za gitaa kwa kawaida ni volti 9 na hasi iko katikati, wakati mashine nyingi za huku zinataka chanya katikati. Moog Mother-32 inataka volti 12, Make Noise 0-Coast inataka 15, na zote mbili ukiziweka mezani adapta zake unaweza kuzichanganya gizani. Soma lebo ndogo ya adapta, soma na maandishi ya mashine, volti lazima zilingane, chanya na hasi lazima zilingane, ampea za adapta ziwe sawa au zaidi.

Mzigo uliotoka Marekani una mtego wake. Ndugu kaleta raki yenye pawasaplai ya ndani iliyosetiwa 115, kule umeme ni volti 120, wewe unaichomeka kwenye 230 ya Tanzania au 240 ya Kenya na unasikia "pap". Tafuta swichi ya 115/230 au kibandiko kinachosema 100-240 KABLA ya kuchomeka, usiangalie plagi maana plagi ya kubadilishia haibadilishi volti, inabadilisha umbo la miguu tu.

Halafu fyuzi. Toa, ipime, ikiwa imekatika weka nyingine yenye namba ileile. Ikikatika tena mara ya pili acha, kuna shoti ndani, fyuzi inafanya kazi yake. Na tafadhali usizungushie ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, najua wapo wanaofanya kwenye redio, hapa unachoma pawasaplai na moduli zote zilizo nyuma yake kwa mpigo.

Fyuzi ikiwa nzima bado kimya: zima, chomoa moduli zote kwenye ubao wa umeme, washa raki tupu. Ikiwaka peke yake basi kuna moduli inapiga shoti na kuivuta chini. Rudisha moja moja, na kila unaporudisha unazima kwanza, nasisitiza unazima kwanza. Ikifika zamu ya mwenye makosa utaona taa zinaanguka. Lakini kabla hujailaumu moduli tikisa raki kidogo usikilize. Mimi kuna siku nimehangaika masaa mawili, kumbe skurubu ya M3 ilidondoka nilipokuwa nafunga moduli ya juu, ikalala kimya kati ya pini mbili za ubao wa umeme, nyeusi juu ya ubao mweusi, nimeiona kwa tochi ya simu tu.

Raki tupu nayo ikikataa, tatizo ni pawasaplai. Kama umeme wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani ya boksi, ishia hapo. Kapasita za ndani zinabaki na chaji hata ukishachomoa, na hiyo haitofautishi fundi mzoefu na wewe. Kama ni adapta ya nje unaweza kujaribu adapta nyingine yenye vipimo vilevile, zaidi ya hapo ni kazi ya fundi.

Moduli moja tu haiwaki, au inatoa harufu

Harufu, moshi, au chipu inayounguza kidole: chomoa ukutani sasa hivi, hii sentensi utaimalizia baadaye.

Haya. Sababu namba moja, mbali kabisa na nyingine, ni ule waya bapa wa nyuma umegeuzwa. Ule mstari mwekundu ni upande wa -12. Kwenye waya wa pini 10 ukiugeuza, +12 na -12 zinabadilishana nafasi, na chipu zilizo ndani hazina ucheshi na hilo. Ukigeuza ule wa pini 16 kwenye ubao wa pini 16 unaweza kuipigisha +12 shoti kwenye +5. Kuna moduli zenye diodi za kujikinga, zitakaa kimya tu mpaka uugeuze sawasawa, na kuna ambazo hazina kinga yoyote.

Yangu haikuwa nayo. Ilikuwa filta (moduli inayochuja sauti), nimeisubiri mwezi na nusu kufika, nimeifungua saa tano usiku, nyuma hakuna maandishi yoyote ya mstari mwekundu, na tundu lake halina ile fremu ya plastiki inayozuia kugeuza, nikajiambia "si itakuwa chini kama zingine." Haikuwa chini. Taa yake iliwaka kama sekunde moja, nzuri kweli, rangi ya chungwa, afu ikatoka harufu ya nywele zilizoungua. Tangu siku hiyo kama ubao haujaandikwa natafuta maelekezo ya mtengenezaji kwanza, na nikikosa nachukua multimita naangalia pini zipi zimeungana na 0V, maana kwenye tundu la pini 10 zile za katikati ndizo 0V na inayobaki pembeni unaifuatilia mpaka kwenye mguu wa chipu.

Kuna na kosa dogo la ndugu yake: waya umeingia sawa ila umeruka safu moja ya pini, pembeni kuna pini mbili zinachungulia hewani. Kwenye matundu yasiyo na fremu hili ni rahisi sana kutokea, hasa ukichomeka kwa kupapasa.

Kama waya uko sawa, badilisha waya wenyewe (zinakufa, hasa zile zilizobanwa vibaya kwenye kichwa), hamisha kwenda tundu lingine la ubao, na angalia kama moduli inahitaji +5 ambayo raki yako haina. Baada ya hapo, kama imewahi kugeuzwa, usiendelee kuiwasha washa "kujaribu". Mpelekee fundi. Mara nyingi kilichokufa ni diodi au chipu moja mbili za bei ndogo, lakini kila unapoiwasha unaongeza orodha.

Taa zinafifia, moduli zinajizima na kujiwasha

Umeme hautoshi. Kila moduli ina mahitaji yake kwa miliampea kwenye +12, -12 na +5, jumlisha kila mstari peke yake, ubaki na nafasi kama robo hivi. Watu wanajumlisha +12 tu wanasahau zingine. Moduli za kidijitali zenye skrini ndizo zinazokula sana +12, na wakati wa kuwaka zinavuta zaidi ya kilichoandikwa, ndio maana raki inaweza kuwaka vizuri ukiwa na moduli tisa ukaongeza ya kumi yote yakaanza kupepesa.

Hapa multimita ya bei ya chini ya Kariakoo inatosha kabisa. Ncha nyeusi kwenye 0V, nyekundu kwenye +12, unataka kuona kati ya 11.5 na 12.5. Afu -12 vilevile. Mkono utulie, ncha ikiteleza ikagusa pini mbili kwa pamoja umejitengenezea tatizo jipya. Na angalia jambo hili ambalo linawachanganya wengi: taa nyingi zinakula +12 peke yake, kwahiyo -12 inaweza kuwa imekufa kabisa na raki bado inapendeza machoni, ila osileta (moduli zinazozalisha sauti yenyewe) zinatoa sauti za ajabu, au nusu ya wimbi, au hakuna kitu.

Umeme wa mtaa ukiwa unakatika na kurudi kwa kishindo, zima raki mpaka utulie. UPS ndogo inasaidia, na usisasishe programu ya moduli ya kidijitali bila hiyo, umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na kipande cha aluminiamu chenye jeki.

Taa zipo, sauti hakuna

Hii ndiyo ile video ya sekunde nane. Usianze kutoa waya hovyo. Chukua waya MMOJA, toka kwenye osileta moja kwa moja mpaka kwenye miksa au kadi ya sauti, volyumu ya miksa ikiwa chini kabisa, pandisha taratibu. Sauti ya moduli ina nguvu, karibu volti 10 kutoka kilele mpaka kilele, kubwa mara kadhaa kuliko laini ya kawaida, kwahiyo weka kwenye laini usiweke kwenye maiki, na kama kadi yako ina ile fantomu ya volti 48 (umeme unaopelekwa kwenye maiki) hakikisha imezimwa. Hedifoni usizivae sikioni mpaka ujue kiwango, masikio hayana spea.

Ukisikia osileta, basi tatizo liko mbele yake. Ongeza kituo kimoja, osileta kwenda filta kwenda miksa, sikiliza. Afu VCA (moduli inayopandisha na kushusha sauti kwa volti). Pale inapokatika ndipo ugonjwa ulipo, na hawa ndio wanaokamatwa, nimewapanga kwa jinsi ninavyowakuta:

VCA imefungwa. VCA haipitishi kitu mpaka ipewe volti au uifungue kwa nobu yake. Kama unategemea envelopu (inayotoa volti ya kupanda na kushuka kwa kila noti) iifungue, je envelopu inapata geti, yaani ile ishara ya kusema noti imebonyezwa? Taa yake inapepesa ukibonyeza kinanda? Kama haipepesi rudi nyuma kwa anayetoa geti.

Atenuveta iko saa sita. Ile nobu inayoenda hasi kushoto na chanya kulia, katikati ndio sifuri. Mgeni anaiacha katikati akidhani ni "nusu". Nimeshaona mtu amerudisha moduli dukani kwa sababu hii.

Waya haujaingia mpaka mwisho. Jeki mpya ni ngumu, unasikia "tiki" ya kwanza unadhani imeingia, bado kuna "tiki" ya pili.

Filta imefungwa chini kabisa, au ni hai-pasi (inayopitisha sauti za juu tu) na umeipandisha juu kabisa.

Ulichomeka waya kwenye jeki iliyokuwa na muunganiko wa ndani. Moduli nyingi zinaunganishwa kimyakimya ndani mpaka uchomeke kitu, ukichomeka unakata ule muunganiko, hata kama upande wa pili wa waya haujachomeka popote. Waya unaoning'inia kwenye raki sio pambo.

Waya wenyewe umekatika ndani. Badilisha, na ule mbovu uufunge fundo hapohapo, ukiurudisha kwenye rundo utakutana nao tena kesho kutwa.

Kama bado huelewi kosa ni la kifaa au la wazo lako, kuna ujanja mzuri: fungua VCV Rack kwenye laptop, toleo la bure linatosha, jenga pachi ileile. Ikinyamaza na huko basi ni wazo, ikilia huko basi ni chuma. Na hii programu ndiyo imewaingiza watu wengi kwenye hii kazi bila kuuza pikipiki, kwahiyo usiidharau.

Tuni inateleza, okta hazikubaliani

Kwanza subiri. Osileta ya analogi inataka dakika 20 mpaka 30 ipate joto, ukituni dakika ya pili unatuni kitu ambacho bado kinatembea. Saketi inayogeuza volti kuwa noti inasogea na joto, bila fidia ni kama asilimia 0.33 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, na hizo zenye fidia nazo sio malaika. Sasa chumba chetu cha Januari, feni ya mezani inazunguka kushoto kulia, kila inapopiga raki noti inashuka inapanda. Mshkaji wangu alikuwa anaitafuta LFO (osileta ya polepole inayotikisa noti) iliyopotea kwenye pachi yake, kumbe ni feni. Igeuzie upande mwingine.

Pili, volti ya noti imepita kwenye nobu. Kwenye Eurorack volti 1 ni okta 1, nusu toni ni kama milivolti 83. Ukiipitisha kwenye nobu ya kupunguza ambayo haiko mwisho kabisa, okta yako imeshakuwa fupi.

Tatu, ile malti ya kawaida isiyo na bafa (saketi inayoilinda volti isipungue), inayogawa waya mmoja kwenda osileta mbili tatu. Piga hesabu: kinanda kinatoa kupitia ukinzani wa kiloomu 1, osileta ina kiloomu 100, unapoteza kama asilimia 1 ya volti, sawa na karibu senti 12 kwa kila okta (okta nzima ni senti 1200). Ongeza osileta ya pili, hasara inafika kama senti 24, hiyo ni karibu robo ya nusu toni kwa kila okta, na ukipanda okta tatu hata mtoto wa kwaya anakugeukia. Wala osileta haijaharibika. Weka malti yenye bafa.

Nne, lugha hazifanani. Korg MS-20 inatumia hezi kwa volti, Buchla inatumia volti 1.2 kwa okta, ukiwachanganya na Eurorack bila kigeuzi hawatakuja kuelewana.

Baada ya hayo ndio uipime chanzo. Multimita kwenye waya wa noti, bonyeza C, afu C ya juu yake, tofauti iwe 1.00. Ikiwa 0.97 basi kinanda ndicho kinachohitaji kurekebishwa, na osileta usiiguse. Ikiwa chanzo kiko sawa na osileta imepata joto, hapo ndio trima (skurubu ndogo ya kurekebishia). Bisibisi ya plastiki, apu ya kutunia kwenye simu. Cheza noti ya chini, ituni kwa nobu ya mbele. Cheza okta mbili juu, rekebisha trima kidogo sana. Rudi chini, kila kitu kitakuwa kimesogea, ituni tena kwa nobu. Rudi juu. Mara sita, mara nane, ndio kazi ilivyo. Weka alama ya kalamu trima ilikokuwa kabla hujaigusa. Nyuma kuna trima zaidi ya moja na hujui ipi ni ipi? Acha, mtafute mwenye maelekezo ya moduli hiyo, kuzungusha isiyo yake kunakupa wiki nzima ya majuto.

Inavuma, au inalia kama mbu

Mvumo wa chini, hezi 50 na ndugu zake, mara nyingi ni mzunguko wa ethi kati ya raki, laptop na miksa. Chomoa chaja ya laptop, ibaki na betri. Mvumo ukikata umempata. Chomeka vyote kwenye ekstenshen moja, ikishindikana weka DI (kiboksi cha kupitishia sauti) yenye transfoma kati ya raki na miksa. Usikate mguu wa ethi wa plagi. Nasikia huo ushauri kila mahali, mvumo unaondoka kweli, na siku pawasaplai ikivuja mwili wako ndio unakuwa ethi. Kama ukigusa raki unahisi kutekenywa, chomoa, mwite fundi umeme aangalie ethi ya nyumba maana nyumba nyingi huku tundu la ethi lipo na waya nyuma yake haupo.

Mlio mwembamba unaobadilika skrini inapobadilika ni moduli ya kidijitali inachafua umeme wa wenzake. Ihamishie mwisho wa ubao, mbali na osileta, au ipe ubao wake.

Inakwaruza ukizungusha

Ukikaa pwani, chumvi. Dar, Mombasa, Unguja, jeki zinapata ukungu ambao watu wa bara hawaujui. Chomeka na kuchomoa waya mara ishirini, zungusha nobu mwanzo mpaka mwisho mara ishirini, nusu ya mikwaruzo inaondoka hapo. Iliyobaki tumia spirit ya isopropili au dawa ya kontakti, raki imezimwa, iache ikauke kabisa. WD-40 iache kwenye baiskeli. Funika raki ukimaliza, na vile vipakiti vya ndani ya maboksi ya viatu vya kunyonya unyevu usivitupe.

Kloku inaruka au inaenda mara mbili

Kloku ni mapigo yanayoshika mwendo, na hesabu zake hazifanani: MIDI (lugha ya ala za kielektroniki kuongea) inapiga 24 kwa noti ya robo, Volca za Korg zinataka 2, sikwensa (zinazopiga noti kwa mpangilio) nyingi za raki zinataka 4. Angalia seti, au weka kigawanyio. Ikiwa inaruka ruka bila mpangilio, geti ni dogo, mashine ya volti 3.3 inaongea na moduli inayosubiri 5. Na MIDI ya jeki ndogo ina aina A na B, tangu 2018 kiwango rasmi ni A ila vifaa vya zamani vipo vingi, kwahiyo ukimya kamili kwenye MIDI anza kushuku waya.

Ukiipeleka kwa fundi

Fundi wa redio na amplifaya wa mtaani anaweza kabisa hii kazi, ni opampu na transista zilezile, ila hajui raki, kwahiyo usimpelekee moduli tupu ndani ya mfuko wa Rambo. Mpe na waya wake wa umeme, karatasi iliyoandikwa +12 iko pini ipi na -12 ipi, namba ya volti 1 kwa okta kama ni osileta, na mwambie ukweli kama uligeuza waya. Mimi mara ya kwanza nilimwambia "imezima tu yenyewe", akatumia siku mbili kutafuta kitu ambacho ningemwonesha kwa kidole, akanitoza siku mbili.